Jina Alilolitaja Mama Yako

Kokushubira mwanangu,

Usicheke mwandiko. Najua utacheka, maana umekaa miaka minane darasani ukifundishwa kulaza herufi zote upande mmoja kama migomba baada ya upepo, na za baba yako kila moja inaelekea inakotaka. Mimi niliishia darasa la tatu. La tatu lenyewe nililiacha katikati, siku mwalimu aliponiambia hesabu yangu si sahihi, nami nikamwambia aende akaangalie ya kwake. Lakini nakuambia, katika Kimwani yote hakuna fundi baiskeli anayeandika Kiswahili kama mimi. Ukiuliza wako mafundi wangapi Kimwani, hilo ni swali la wivu.

Sasa ni saa tisa mchana. Umekwenda kanisani kuagana na wanakwaya wenzako, na mama yako mdogo anapanga sanduku lako kwa mara ya nne. Yeye atakueleza habari za sabuni, za viatu, na nani wa kumwamkia kwanza ukifika Bukoba kwenye hiyo shule ya ukunga. Hayo mimi simo. Nimekaa kibandani kwangu, nimegeuza baiskeli ya mwinjilisti magurudumu juu ili apitaye adhani nafanya kazi, na ninaandika juu ya goti.

Naandika kwa sababu ya Jumanne.

Jumanne ulinikuta hapa hapa naziba pancha. Ukasimama. Ukaniuliza, "Tata, mimi ni wa nani?" Ukasema wasichana wa kisimani wamekuambia tena kwamba wewe ni mtoto wa Byabato, yule aliyekwenda vitani. Ukasema hutagombana na mtu, unataka kujua tu, maana unakwenda mbali na hutaki kuondoka na swali. Nami nikakujibu nini? Nikasema nilikuokota ndani ya boksi la spoku lililotoka Bukoba, na kama unabisha, risiti ninayo. Ukacheka kidogo, kwa adabu, kama unavyomchekea mchungaji anapojaribu mzaha. Halafu ukachukua ndoo yako ukaenda. Nikabaki na solusheni imekauka kidoleni.

Basi jibu ni hili, na nalitanguliza usije ukalitafuta chini ya maneno yangu mengi. Wewe ni wangu. Byabato hakumgusa mama yako, hakuwahi hata kusimama naye uso kwa uso. Jina lake lilitajwa siku uliyozaliwa kwa sababu mimi nilidai jina. Na nimeliacha litembee kijijini miaka kumi na saba ilhali najua ni uongo. Sasa unajua. Kilichobaki ni namna ilivyokuwa, na namna ndiyo mbaya.

Mama yako Kemilembe nilimwoa nikiwa na miaka ishirini na baiskeli moja. Watu wa kwao, kule karibu na Muleba, waliitazama baiskeli kwanza ndipo wakanitazama mimi. Siku ya kwanza nilipokwenda kujitambulisha nilijisifu mbele ya wazee kwamba natoka Kimwani hadi Bukoba bila kushuka kwenye mlima hata mmoja. Ikasikika sauti ya msichana kutoka ndani, taratibu, kama mtu anayepima chumvi: "Basi miguu yake ni mirefu kuliko akili. Mlima wa hapa kwetu hata malori husimama yakapumua." Wazee wakacheka mpaka mmoja akamwaga rubisi, pombe yake ya ndizi. Mimi nikajua nimepata mke. Yeye, alivyoniambia baadaye, alijua amepata kazi.

Ndivyo tulivyoishi. Mimi napuliza, yeye anachoma tundu dogo upepo unatoka. Alipopata mimba niliwatangazia watu kwamba ni mwanamume na atakuwa dereva wa lori. Akasema, "Mtoto wako atazaliwa anapiga honi, hatutalala." Hakuwa na haja ya kuinua macho akisema. Aliendelea kumenya ndizi zake.

Wakati ule nilikuwa nachukua samaki wakavu kwa baiskeli kupeleka Bukoba, narudi na chumvi na vitambaa. Siku tatu njiani, siku nne, nikilala Ijuganyondo kwa rafiki. Nikirudi, wenzangu kwenye rubisi walinipokea kwa maneno: "Wewe unapiga pampu Bukoba. Nyumbani anapiga nani?" Nilicheka kuliko wote. Nikasema nyumbani kwangu tairi ni la chuma. Lakini maneno yale yaliniingia kama mwiba mwembamba, ule ambao hutoa upepo polepole. Asubuhi unapanda tairi ni zima. Jioni unakanyaga rimu na hujui limeisha saa ngapi.

Uchungu ulimwanza alfajiri ya siku moja, na alfajiri ya pili ikamkuta bado yumo. Mkunga alikuwa bibi mmoja wa jirani ambaye alipokea nusu ya kijiji, na mimi nikiwamo. Sisi wanaume tulikaa nje kama desturi. Jua lilipotoka tu, bibi yule akatoka katika msonge wetu wa nyasi, akanawa mikono mbele yetu mpaka kwenye viwiko, akasema: "Mtoto amekwama. Mikono yangu imefika mwisho. Mwinueni mumpeleke misheni sasa hivi, kabla jua halijawa kali."

Hospitali ya misheni ilikuwa juu mlimani, mwendo wa nusu siku na mgonjwa mabegani. Na machela ilikuwa tayari: miti miwili, mkeka, kamba za mgomba. Unaijua desturi yetu, kila nyumba hutoa bega. Walikuwa wanane, majirani na rafiki zangu wale wale wa rubisi, wamekwisha kuvua mashati. Mimi wa tisa. Tungetoka saa moja, tungefika saa nane mchana.

Ndipo shangazi yangu akasimama mlangoni. Wewe hukumkuta, alikufa ungali unatambaa. Akasema, "Mwanamke anayezuia mtoto ana jina tumboni. Alitoe kwanza. Mkimbeba na siri yake atawafia njiani, na siri itabaki mabegani mwenu."

Ndivyo tulivyoamini pale kwetu siku zile. Uzazi ukichelewa, watu hawaulizi mtoto amekaaje. Huuliza mama alilala wapi. Mmoja wa wale wanane akaweka chini ncha yake ya mti. Halafu mwingine. Halafu wote wakanitazama. Hawakusema kitu, na ningependa wangesema, maana kwa maneno mimi sishindwi. Walinitazama tu, na katika macho yao niliiona ile pampu.

Mkunga akawaambia, "Mimi nimezalisha wenye siri na wasio na siri. Mlango ni ule ule." Halafu akanigeukia. "Kijana, mke ni wako. Wewe sema 'inueni,' watainua. Hakuna wa kukataa."

Neno moja, Koku. Mimi ambaye nilikuwa nazungumza tangu jogoo hadi popo, nilitakiwa kusema neno moja.

Nilizunguka nyuma ya msonge, mahali kitanda chake kilipokuwa upande wa ndani. Nikainama, nikaweka mdomo kwenye nyasi.

"Kemilembe. Sema."

"Niseme nini?"

"Jina."

"Jina la nani?"

"La huyo."

Alicheka. Nakuapia, mwenye uchungu wa siku nzima na usiku mzima, alicheka. Akasema, "Mwanamume wewe, una mzaha hata leo?"

Alidhani natania. Kwa nini asidhani? Tangu anijue sikuwahi kumwambia jambo zito bila kulivalisha kofia ya kuchekesha. Nikamwambia si mzaha. Nikasikia pumzi zake upande ule wa nyasi. Halafu akasema, "Hakuna. Ni wewe peke yako, na wewe mwenyewe unanitosha na kuzidi."

Ningepaswa kuishia hapo. Nilirudi nikakaa na wenzangu, na shangazi akatikisa kichwa, na mimi nikaenda tena. Usimtupie shangazi yangu mzigo huu. Yeye alisema mara moja. Mimi nilikwenda kwenye zile nyasi mara saba. Mara ya tatu alilia. Mara ya tano hakunijibu mimi, aliwaita wale wanane mmoja mmoja kwa majina yao, kwa sauti ya kutosha: "Niinueni, waitu, ndugu zangu, niinueni." Wote walisikia. Wote wakatazama vidole vya miguu. Mkunga alikuwa akitoka na kuingia, na kila akitoka alisimama mbele yangu akinitazama kama mtu anayesubiri chungu kichemke. Jua likapanda, likatusimama utosini, likaanza kushuka.

Mara ya saba akasema, "Byabato."

Alisema kama mtu anayetaja kitu dukani. Hapakuwa na aibu wala hasira katika sauti ile.

"Byabato yupi?"

"Aliyekwenda vitani. Haya. Sasa niinueni."

Nilipowapelekea wenzangu jina wakainuka pale pale, wepesi kama waliofunguliwa kamba. Mmoja alinipiga bega kunipa pole. Na hakuna aliyehesabu. Byabato alichukuliwa vitani kabla mimi sijamwoa mama yako, na hakuwa amerudi hata siku moja. Wanaume tisa, kila mmoja na vidole vyake kumi, na hakuna aliyekunja hata kimoja. Tulitaka jina, tukapewa jina. Waliokuja kuhesabu baadaye walisema labda alipata likizo, akaja kwa siri, akapita vichakani. Mtu akishapenda habari huitafutia njia ya kupita.

Nilibeba ncha ya mbele, bega la kushoto. Kichwa chake kilikuwa nyuma ya kisogo changu, karibu kiasi kwamba alipougua niliihisi pumzi shingoni. Njia nzima sikugeuka. Kwenye bonde la mafunjo aliomba maji, na aliyempa ni mwenzangu mmoja, si mimi. Mimi nilikuwa natunga maneno ya kumwambia akishapona, maneno makali, ya kukata. Nilikuwa na mengi. Hata moja silikumbuki sasa.

Tulifika usiku, yapata saa tatu. Nesi aliyetupokea alikuwa mama wa Kihaya mwenye mikono ya kazi. Alimpima mama yako huku akiniuliza.

"Uchungu ulianza lini?"

"Jana alfajiri."

"Leo mmetoka nyumbani saa ngapi?"

"Asubuhi," nikasema. "Mto ulikuwa umejaa, tukasubiri."

Wenzangu wanane walikuwa nyuma yangu wananuka jasho. Hakuna aliyekohoa. Nesi akaandika: mto. Kama kile kitabu bado kipo, basi uongo wangu upo humo kwa wino, umenyooka vizuri kuliko mwandiko huu.

Walikutoa kwa koleo. Ile alama nyuma ya sikio lako, niliyokuambia uling'atwa na ndama, ndiyo hiyo. Ulilia mara moja, kwa hasira kabisa. Nikadhani yamekwisha. Lakini yeye akaanza kutoka damu, na damu haikusimama. Walimsugua tumbo, wakamchoma sindano, wakasugua tena, wakibadilishana. Walichokuwa nacho walikitumia chote, hilo nimeliona kwa macho. Nikamuuliza nesi kwa nini haisimami. Akanijibu bila kuniangalia: "Kizazi kimechoka. Kimevuta siku mbili. Sasa kinatakiwa kujifunga na hakina nguvu. Mngemfikisha mchana angalau." Utafundishwa jambo hilo huko uendako, kwa maneno mazuri na pengine kwa picha. Ukifundishwa, ndugu zako wa darasa wataandika. Wewe utakuwa umelijua kabla yao, na samahani.

Waliniruhusu kuingia. Alikuwa mweupe mdomoni kama mtu aliyekula unga. Na mimi, mwanangu, wakati ule, nilikuwa bado na swali lile lile. Nikainama nikamwambia, "Kwa nini Byabato?"

Akanitazama kama anayemtazama mtoto mzito kuelewa.

"Yuko mbali," akasema. "Hamtampiga."

Nikabaki nimeinama. Akasema tena, "Mtoto analia. Mchukue." Nikakuchukua. Nilipogeuka kwake alikuwa anatazama dari, na nesi alikuwa ameacha kusugua.

Basi tangu pale nilijua. Sikuhitaji kuhesabu miezi. Katika maumivu yale, na mumewe akimnong'oneza kwenye nyasi kama mwizi, alipitia akilini wanaume wote aliowasikia wakitajwa, akawaacha mmoja mmoja kwa sababu tungewafuata na marungu, akachagua aliye mbali kabisa. Alikuwa anamlinda mtu asiyemjua. Na sisi wengine wote tulikuwa tunalinda nini? Mimi nilikuwa nalinda kicheko cha kwenye rubisi.

Ungedhani nilirudi nikasema. Nilirudi naye machelani nikakuta wakubwa wa ukoo wamekaa. Wakasema aliyekiri hawezi kulala katika kibanja chetu, kati ya migomba ya ukoo. Arudishwe kwao. Nami niliyekuwa nimekubeba kifuani, umefungwa kitambaa cha hospitali, nilinyamaza. Ningesema, ingebidi niseme pia kwamba alikufa bure, na kwamba kuna mtu mmoja aliyeambiwa aseme "inueni" asiseme. Tukambeba tena, machela ile ile, hadi kwa baba yake. Mzee alitupokea kwenye njia ya kuingilia kibanja chake. Hakulia. Aliniuliza mbele ya watu wote, "Ni kweli alitaja?"

Nikajibu, "Alitaja."

Nimesema uongo mwingi maishani, mwingine mzuri sana, watu bado wanausimulia. Lakini hakuna niliosema ukaua kama neno lile, na neno lile lilikuwa la kweli. Mzee akaenda akaonyesha mahali pa kuchimba: chini, mpakani, mbali na mama yake na dada zake. Ndiyo maana ulipouliza ukiwa mdogo kaburi la mama liko wapi hapa kwetu, nilikuambia watu wa kwao walimpenda mno wakamng'ang'ania. Na ndiyo maana babu yako hajawahi kukuita. Si kwamba ana moyo mgumu. Anadhani ukija utakuja na sura ya Byabato.

Ukoo walitaka upelekwe kwa ndugu wa Byabato. Nikakataa. Usinisifu hapo, najua unapenda kunisifu kunako nafasi. Nilikataa kwa ukaidi. Nilisema mtoto ni wangu kwa kuwa mimi ndiye niliyembeba kutoka misheni. Sikusema mtoto ni wangu kwa kuwa mama yake hakukosa. Ni sentensi mbili tofauti, na umelelewa juu ya ile isiyotosha.

Watu husema wafu huja usiku. Mimi usiku nalala kama gunia la kahawa. Wa kwangu huja mchana, kati ya asubuhi na saa nane, zile saa tulizokuwa tumekaa na machela chini. Naweza kuwa nakaza mnyororo, mteja anasema nami, na ghafla nasikia karibu na sikio: "Una mzaha hata leo?" Haji kwa hasira. Angekuja kwa hasira ningezoea. Anauliza tu, kama bado hajajua nitajibuje. Msonge ule niliubomoa, nikajenga hii nyumba ya bati na kujigamba kwamba ni ya kwanza upande huu wa kijiji. Watu walidhani ni maendeleo. Sikuweza tu kuishi na ukuta wa nyasi. Hadi leo nikipita penye nyumba ya nyasi natembea katikati ya njia. Jumanne uliponiuliza, nilisikia maneno yale kabla sijafungua mdomo, na bado nikafanya mzaha.

Jumatano nikaenda kwa Byabato. Unamfahamu, mguu mmoja mfupi, koti la jeshi hata kwenye jua. Nilimkuta anachambua kahawa.

"Waitu," nikasema, "nimekuja kwa jambo la zamani."

"La ile breki ya baiskeli yangu?"

"La mke wangu."

Hakuacha kuchambua. "Nilidhani ungekuja mwaka niliorudi."

"Ulijua?"

"Nijue nini? Mimi nilirudi kutoka vitani Bama nikakuta nina mtoto na sijamwona mama. Nikadhani ndivyo serikali inavyolipa askari wake."

Nilicheka, Mungu anisamehe, na yeye akacheka. Halafu akaacha, na mimi nikaacha. Nikamuuliza kwa nini hakukanusha.

"Nimkanushe nani? Mwenye kusema alikuwa kaburini. Nisimame njia panda niseme marehemu ni mwongo? Nilifikiri, mwanamke asiyenijua amehitaji jina langu, basi lazima haja yake ilikuwa kubwa. Nikamwachia." Akapuliza maganda. "Mchumba wangu aliniacha kwa ajili hiyo. Ulijua?"

"Nilijua."

"Najua ulijua. Ulikwenda harusini kwake, alipoolewa na mwingine, ukala."

Akachota konzi nyingine ya kahawa. Akasema, "Binti yako akipita hapa hunitazama miguu, halafu hutazama yake. Mimi nimeona mengi huko nilikokwenda, lakini hilo silipendi. Mwambie. Na ukishamwambia, kamwambie na yule mzee wa Muleba, kabla hajafa akiwa na binti yake mpakani."

Nilimwambia nitamwambia. Akasema, "Wewe una mdomo mwepesi. Sasa tuone miguu."

Unakwenda kujifunza kuzalisha, na mimi sina cha kukufundisha juu ya upande wa ndani. Najua upande wa nje tu, wa wenye machela. Siku moja wataingia wanaume wananuka jasho, watasema mto ulijaa. Pengine kweli ulijaa. Lakini mwulize mwanamke aliyekuja nao, ukiwa naye peke yake, walikuwa wakingoja nini. Usimwulize ili umkamate mtu, hilo halitamfunga mgonjwa damu. Uliza ili ujue mwanamke atakayefuata yuko wapi, maana kijiji kinachongoja jina leo kitangoja jina na mwaka ujao, na pengine wewe utakuwa mtu wa kwenda huko kabla ya uchungu na siyo baada. Na pale mlangoni, ukimwona kijana mwenye maneno mengi, anachekesha wauguzi huku anatetemeka, usimfukuze. Mpe ndoo achote maji. Mwambie waziwazi afanye nini, kwa maneno machache. Mimi nilipewa neno moja tu na bado lilinishinda, lakini huenda mwingine ataliweza.

Barua hii nakupa leo jioni, ukitoka kanisani. Nilitaka kuitia katika sanduku lako uisome ukiwa Bukoba, nikaona huo ungekuwa ujanja wa kumwacha mwandishi salama Kimwani. Utaisoma nikiwa hapa kibandani, hatua ishirini. Ukitaka kuja kunisema, njoo. Ukitaka kukaa kimya, kaa. Ukitaka kumwuliza mkunga yule, bado yu hai, haoni, lakini anakumbuka, na hatanihurumia.

Kesho basi lako linapita mbele ya kibanja cha babu yako. Kama utakubali, nitapanda nawe, nishuke pale. Kama hutaki kukaa na mimi kiti kimoja, niambie asubuhi, nitakwenda kwa baiskeli, na mlima ule nitashuka nisukume, sijawahi kuupanda nikiwa juu ya baiskeli, mama yako alisema kweli. Nitamwambia mzee mbele ya watakaokuwapo kwamba binti yake hakukosa, kwamba nilimngojesha tangu jua linatoka hadi linageuka, kwamba jina lile ni mimi niliyelitoa kwake kwa nguvu. Nitaomba anionyeshe kaburi. Nitaomba ruhusa ya kumrudisha hapa, na akikataa, nitaomba ampandishe karibu na mama yake. Akinipiga, ni mzee, hataumiza sana, na akiumiza ni haki yake.

Wewe usishuke. Ninakuomba sana. Ukiwa pembeni yangu nitakutazama, nitaona hofu, na nitasema kitu cha kuwachekesha watu. Baki kwenye basi, wahi shule yako. Dereva hangoji mtu, na wala usimwombe angoje. Ila kaa upande wa kushoto, dirishani, uangalie mpaka kona itakaponificha. Ukiona nimegeuka kulikimbilia basi, basi ujue mwanamume huyu hafai, na huko Bukoba wakikuuliza baba yako, taja unayemtaka, hata Byabato, amestahimili kwa ajili yako kuliko mimi.

Na ukiona sijageuka, ujue naingia.

Baba yako,
Kaijage